Mstari Nilioupinda Lurujo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa gambuti za mwanamume na nikaambiwa nitoke nje. Ofisi ilikuwa Arua, chumba kimoja chenye meza mbili, na mkubwa wangu alikuwa Afisa wa Ardhi Oevu, mtu mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeokota Kiswahili chake jeshini kabla ya kwenda kusoma mambo ya maji na udongo. Nilikuwa nimetembea kutoka Kuluva tangu alfajiri, nimevaa sketi ya kanisani, kwa sababu nilidhani ofisi ni mahali pa kukaa.

“Wewe najua kuogelea?” aliniuliza.

“Hapana, afande.”

“Iko sawa. Mutu ya kujua kuogelea hapana ogopa maji. Mimi nataka mutu ya kuogopa.”

Tukateremka hadi kwenye kinamasi chini ya mji, mahali ambapo leo kuna maduka ya matofali na sehemu za kuoshea magari. Akanisimamisha katikati ya mafunjo, maji yakanifika magotini, kisha akaenda zake. Nilisimama pale karibu saa nzima. Mwanzoni nilisikia mbu tu. Baadaye nikaanza kusikia vyura, aina tatu tofauti, na ndege nisiowaona wakiitana ndani ya majani, na maji yenyewe yakisogea polepole sana kuelekea mtoni. Aliporudi hakuniuliza nimejifunza nini. Alisema tu kwamba siku nyingine nisije na sketi.

Ninaandika haya kwa ajili yenu mnaoingia katika kazi hii sasa, wengi mkiwa na simu inayowaonyesha kinamasi kutoka angani. Sisi hatukuwa nayo. Kifaa chetu kikubwa kilikuwa keekee ya udongo, yaani chuma kirefu chenye ncha ya kujisokota, kinachozungushwa kwa mikono hadi kizame kufikia urefu wa mkono, kisha kinavutwa juu na udongo wake. Ukitoka udongo mwekundu au wa kahawia, hapo ni nchi kavu. Ukitoka wa kijivu, wenye mistari ya rangi ya kutu ndani yake, hapo ni ardhi oevu, hata kama siku hiyo unasimama kwenye vumbi na mwenye shamba anakuapia kwamba maji hayajafika tangu enzi za babu yake. Maji yakikaa ndani ya udongo miaka mingi huacha alama, na alama hiyo haiondoki kwa sababu mtu amelima mpunga juu yake.

Kila Jumatatu nilisoma rula ya maji, ubao wenye namba uliopigiliwa kwenye mlango wa kinamasi, pale maji yanapotokea, na kuandika kimo cha maji katika daftari. Msimu wa kutaga nilihesabu viota vya korongo wa taji, ndege yule aliye kwenye bendera yetu ya Uganda. Hakikaribiwi kiota cha korongo. Unakaa mbali, unatazama asubuhi wanatua wapi, na unakumbuka kwamba yule anayeonekana wazi amesimama ili akudanganye, huku mwenzake amelala juu ya mayai mahali pengine kabisa. Afisa alinifundisha kuwatazama hivyo, bila haraka. Alifariki kabla sijatimiza miaka mitano kazini. Nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya mwaka mmoja nchini Tanzania, huko nilikojifunza kuandika Kiswahili hiki, na nilimkuta amekwisha kuzikwa.

Baada yake nilipelekwa Koboko. Mkubwa wangu huko alikuwa Msimamizi wa Kanda, mama mmoja mnene, mchapakazi, aliyeendesha pikipiki mwenyewe mpaka mpakani. Siku niliyoripoti alinipa eneo la Lurujo na neno moja tu la mwongozo.

“Letaru, usianze na sheria,” alisema. “Anza kwa kula na watu. Ukifika na sheria watakuonyesha kinamasi cha siku hiyo. Ukila nao watakuonyesha cha mwaka mzima.”

Kinamasi cha Lurujo watu walikiita Lumeri. Kilikuwa bonde refu la mafunjo na matete kati ya mashamba ya mihogo. Kilishika mvua kama godoro na kuiachia kidogo kidogo, hivyo chemchemi iliyokuwa chini yake haikukauka hata Februari. Miaka yangu ya mwanzo pale mvua ilikuwa bado na adabu yake. Ilianza Machi au Aprili, ikapumzika katikati, ikarudi, na wakulima walijua siku ya kushika jembe. Kisha ikaanza kuchelewa. Ilipokuja ilimwaga yote kwa siku chache, na baada yake jua lilikaa mpaka mihogo ikasinyaa juani. Niliyaona hayo katika daftari langu la rula kabla sijayasikia kwenye semina. Na niliona jambo la pili lililofuata kama usiku unavyofuata mchana: mashamba ya juu yalipoungua, watu waliteremka. Lumeri ndiyo ilikuwa imebaki na unyevu. Sikuweza kuwachukia kwa hilo.

Mmoja wa walioteremka alikuwa Mama Keji. Alikuwa amevuka kutoka Sudan Kusini na watoto watatu wakati wa vita, akapokewa na ndugu za mama yake hapo Lurujo. Mimi ni Mlugbara, yeye Mkakwa, kwa hiyo tulisemezana kwa Kiswahili cha sokoni. Nilimkuta anapanda magimbi ukingoni mwa kinamasi, ndani ya ukanda wa kinga, yaani ile sehemu inayozunguka kinamasi ambayo haitakiwi kulimwa. Nilipaswa kumfukuza. Lakini magimbi hayahitaji mfereji. Yanapenda maji yalipo. Nikala naye, kama nilivyoelekezwa, kisha tukakubaliana.

“Wewe utalima mpaka hapa,” nilimwambia, nikachomeka fimbo. “Mafunjo usiyaguse. Na korongo wakitaga, unanitazamia watu wasiwasumbue.”

“Ile ndege kubwa ya kucheza?”

“Hiyo hiyo.”

“Mimi nachunga,” alisema. “Hata sasa mimi nachunga. Asubuhi iko mbili, jioni iko mbili. Moja iko na mguu mbaya.”

Alichunga kwa misimu minne bila kulipwa hata sabuni. Wavulana waliokuja kuiba mayai walifukuzwa na yeye kwa jembe. Nilipofika aliniambia yai la kwanza lilionekana siku gani, vifaranga walitembea siku gani, mbwa wa nani alivuka. Daftari langu la Lumeri, ambalo baadaye wageni walilisifu, nusu yake ni macho ya Mama Keji. Jina lake halimo. Sikuliandika.

Msimamizi wa Kanda alistaafu, na badala yake ukaja mradi. Sitautaja jina, na mtu asiutafute. Ulikuwa na magari meupe na fulana, na juu yake alikuwapo Mratibu wa Mradi, kijana msafi, mwenye maneno laini, ambaye aliniita mama tangu siku ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kuweka mpaka: vigingi vya saruji kuzunguka Lumeri yote, ramani moja yenye muhuri, na wote waliomo ndani watoke. Nilifurahi. Nawaambia kweli, nilifurahi sana. Nilikuwa nimeomba vigingi tangu nifike Koboko.

Nilizunguka bonde lile kwa keekee wiki tatu. Kila hatua hamsini nilichimba, nikatazama udongo, nikachomeka kijiti. Upande wa kusini mstari wangu ulipita katikati ya shamba la mpunga la tajiri mmoja wa mjini Koboko. Yeye hakuwa ameteremka kwa njaa. Alileta katapila, akachimba mfereji mrefu wa kutoa maji, na mpunga wake ulikalia udongo wa kijivu wenye kutu, kijivu kama majivu. Upande wa mashariki mstari ulipita nyuma ya magimbi ya Mama Keji, ukayaacha kwenye ukanda wa kinga, pale ambapo kanuni za mradi ziliruhusu mazao yasiyokausha maji kwa makubaliano.

Mratibu aliitandaza ramani juu ya boneti ya gari. Aliitazama kwa muda, kisha akaweka kidole upande wa kusini.

“Hapa mstari upinde kidogo, mama.”

“Udongo haupindi hapo,” nilisema.

“Najua. Lakini huyu mzee anatusaidia kwa mambo mengi. Tukianza kugombana naye, mradi mzima utakwama. Tutarudi kwake awamu ya pili.”

“Mfereji wake ndio unaokausha kinamasi. Tukiuacha, vigingi vingine vyote ni pambo.”

Hakukasirika. Hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi, kwamba hakukasirika. Akahamisha kidole upande wa mashariki.

“Na hapa panahitaji kusafishwa. Wageni wanakuja wiki ijayo. Lazima waone eneo lililorejeshwa, na hapa ndipo gari linapofika.” Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, “Mkataba wako unaisha lini, mama?”

“Mwezi ujao.”

“Basi tusaidiane.”

Nilikuwa na mume mgonjwa na mabinti wawili katika sekondari. Nayataja hayo kwa sababu ni kweli, na kwa miaka mingi niliyasema kwa sauti kila nilipokuwa peke yangu. Lakini siku ile, nikiwa nimesimama kando ya boneti ile, sikuwaza mabinti wangu. Niliwaza kwamba naweza kurudi nyumba ya mama yangu Kuluva bila kazi, na majirani wakaona. Nikachukua kalamu. Niliupinda mstari mwenyewe, kwa rula, taratibu, ili usionekane umepindwa. Chini yake nikaandika jina langu, Mpimaji wa Mpaka, na sahihi.

Siku mbili baadaye nilikwenda kwa Mama Keji na vibarua wanne. Alikuwa anang'oa magugu. Alipoona majembe yao alidhani nimemletea msaada, akasimama akifuta mikono, akacheka.

“Mama Letaru, leo iko watu mingi.”

“Tumekuja kusafisha,” nilisema. “Amri imetoka.”

“Safisha nini?”

Nikawaonyesha vibarua kwa kidole. Walianza upande wa mbali, kwa aibu, wakingojea niwakataze. Magimbi yalikuwa yamebakiza mwezi mmoja. Yalitoka udongoni madogo, kama ngumi za mtoto, na vibarua wakayatupa juu ya njia.

“Sisi ilikubaliana,” Mama Keji alisema. “Wewe iliweka fimbo. Mimi ilivuka fimbo?”

“Hukuvuka.”

“Na ile mpunga ya tajiri?”

“Ile iko nje ya mpaka.”

Alinitazama usoni. Alijua bonde lile kuliko mimi. Hakulia wala hakunitukana. Alichukua kikapu akaanza kuokota magimbi mabichi yale njiani, moja moja, na vibarua wawili wakaacha kazi wakamsaidia kuokota. Mimi nilisimama na daftari. Alipomaliza alikiinua kikapu kichwani, na kabla ya kuondoka akaniambia kitu kama mtu anayekabidhi zamu.

“Ile ya mguu mbaya inalala mayai tatu. Karibu na mti ilianguka. Sasa wewe nachunga.”

Wageni walikuja, wakapiga picha pale palipokuwa na magimbi. Mkataba wangu ukaongezwa.

Awamu ya pili ilikuja na magari mapya, lakini haikuja na neno lolote juu ya tajiri. Mfereji wake uliongezwa kina. Rula yangu ya maji ilishuka Jumatatu baada ya Jumatatu mpaka ubao ukabaki umesimama kwenye matope makavu, na mimi niliendelea kuandika “hakuna maji” kwa mwandiko ule ule mzuri. Kiangazi kilichofuata kilikuwa kirefu kuliko vyote nilivyowahi kuona. Moto wa kuchoma nyasi uliteremka kutoka vilimani, na Lumeri, ambayo zamani ingeuzima kwa kuugusa tu, ikaushika.

Ninyi vijana mnapaswa kujua jinsi kinamasi kikavu kinavyoungua. Chini ya mafunjo kuna mboji, mizizi na majani yaliyooza kwa mamia ya miaka yakikandamizana. Ikilowa ni sifongo. Ikikauka ni kuni. Moto wa juu ulikwisha siku moja, lakini ule wa chini ulitembea wiki kadhaa bila ndimi, moshi tu ukitoka ardhini kama mvuke wa sufuria. Ng'ombe wa mzee mmoja aliingia, ardhi ikafunguka chini yake, akaungua miguu yote minne kabla hajatolewa. Ilibidi achinjwe pale pale. Korongo wawili walirudi. Walisimama juu ya vigingi vya saruji, kimoja kila mmoja, kwa siku mbili. Yule wa mguu mbaya alikuwa mmoja wao. Siku ya tatu hawakuwapo, na sijawaona tena Lurujo.

Mvua ilipokuja ilikuja yote pamoja. Haikupata kitu cha kuishika. Ilipita bondeni kama gari lisilo na breki, ikakata barabara ya Lurujo na kuifukia chemchemi kwa mchanga. Wanawake waliochota maji pale tangu wasichana sasa wanatembea asubuhi nzima. Katika ripoti, Mratibu aliandika kwamba eneo limeathiriwa na mabadiliko ya tabianchi. Haikuwa uongo. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kuandika.

Mimi nilipandishwa cheo. Nilipelekwa Dranya kuwa Msimamizi, nikiwa na watu watatu chini yangu, na nikajiambia kwamba sasa nitafanya kazi jinsi inavyotakiwa. Nilikusudia kweli. Niliitisha mkutano wa wakulima kabla ya kupima chochote. Nilieleza keekee, nilieleza udongo, nikasema kila mtu atakuja kuuona mstari wake mwenyewe ukichimbwa. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mtaratibu aliyevaa kofia ya Kiislamu, alinisikiliza hadi mwisho.

“Mama, maneno yako iko muzuri,” alisema. “Mimi iko na swali moja tu. Ile kigingi ya Lurujo ilizunguka mpunga ya tajiri namna gani?”

Nilisema kwamba ile ilikuwa kazi ya mradi.

“Nani ilipima?”

Nikasema mkutano umefungwa. Dranya hawakunipigia kelele, hawakung'oa kijiti changu hata kimoja. Walinisalimu vizuri, wakanipa karanga, na kwa miaka yote niliyokaa pale hawakunionyesha hata kiota kimoja. Vinamasi vitatu vya Dranya vilikwisha kimoja baada ya kingine mbele ya macho yangu, kwa matofali, kwa mikalitusi, kwa mifereji ya usiku, na sikuwa na mtu wa kuniambia mapema.

Nilistaafu nikapewa cheti na saa ya ukutani. Mume wangu alikuwa amekwisha kufariki. Mabinti walikuwa Kampala. Nilikaa miezi michache, kisha nikapanda gari kwenda Koboko kumtafuta Mama Keji. Nilimpata nje ya mji, kwenye machimbo, ameketi chini ya turubai akiponda mawe kuwa kokoto. Alikuwa amezeeka kunizidi, ingawa nadhani nimemtangulia kuzaliwa. Hakuacha kuponda.

“Nimekuja kuomba msamaha,” nilisema.

“Juu ya nini?”

“Ule mpaka. Nilijua haukuwa wa kweli. Niliupinda mimi.”

Aliponda jiwe, akasukuma vipande kando, akachukua lingine.

“Mimi najua zamani,” alisema. “Siku ile ile najua. Kwa nini nakuja kuniambia kitu mimi najua? Enda uambie watu.”

Nikaenda. Niliomba nafasi katika mkutano wa hadhara wa Lurujo, nikasimama mbele ya watu kwa umri wangu huu, nikasema yote: shamba la nani, mfereji wa nani, kalamu ya nani. Tajiri alikuwapo, amewekewa kiti cha plastiki mstari wa mbele, mikono juu ya fimbo yake. Nilimtazama nikimaliza. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mbali. Mwendesha mkutano akanishukuru kwa kuwakumbusha historia, akaomba watu wanipigie makofi, wakapiga, kisha akasoma jambo la pili, lililohusu chanjo ya kuku.

Wiki iliyofuata nilikwenda kwenye ofisi inayotunza ramani za mradi ule. Mradi wenyewe ulikwisha kufungwa. Kijana aliyepo sasa, mpole, aliyesoma kuliko sisi wote, alinipokea kwa furaha.

“Mama, jina lako nalijua,” alisema. “Liko kwenye ramani ya Lumeri. Ndiyo tunayotumia mpaka leo. Mwezi uliopita tumewaondoa watu wa upande wa mashariki kwa ramani hiyo.”

Nikamwambia ramani ni ya uongo. Nikamweleza kama nilivyowaeleza watu wa Lurujo. Alinisikiliza kwa heshima, akaandika kwenye karatasi, akaniuliza kama nina ushahidi. Nikasema mimi ndiye ushahidi, mimi niliyepima, na nikamwomba twende naye bondeni nikamchimbie udongo auone. Alisema angependa sana, lakini wiki hiyo ana mikutano. Basi nikamwomba anipe kalamu angalau nilikate jina langu.

“Haiwezekani, mama,” alisema. “Ikishapigwa muhuri haifutwi.”

Alinifungulia ramani niione. Ilikuwa safi, haina hata kunyanzi. Mstari ule wa kusini umepinda taratibu kabisa, mtu asiyejua hawezi kuugundua, na chini yake jina langu limeandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyeijua kazi yake.